MJI ULIOZALIWA NA KIVUKO



Juma lililopita kijana mmoja wa mafundisho ya Kipaimara alikuja ofisini akaniuliza, "Karani, mbona wazee husema Ifakara ni mji wa mto, na mto wenyewe hatuuoni?" Kweli, ukisimama mlangoni pa kanisa huuoni mto Kilombero. Uko mbali kidogo, kilometa kadhaa. Hata hivyo, pasipo mto ule, na hasa pasipo mahali pake pa kuvukia, sidhani kama mji huu ungekuwapo.

Tazameni nchi ilivyo. Huku Milima ya Udzungwa, kule milima ya Mahenge, na katikati bonde ambalo masika hugeuka kuwa kama ziwa. Wandamba ndio waliolijua tangu zamani, kwa mitumbwi yao, samaki na mpunga. Katika karne ya 19 wakaja Wambunga kutoka kusini, na desturi za vita za Kingoni. Wapogoro wakashuka kutoka milimani. Wajerumani nao wakaweka kituo hapa, na Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji wakakiteka. Kila aliyetaka kuishika nchi hii alitaka kwanza kivuko.

Mapadre Wakapuchini wa Uswisi walifika jimboni mwaka 1921, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikakua hapa hapa, kwa wagonjwa wa pande zote mbili za mto. Mwaka 1949 akaja Profesa Rudolf Geigy wa Basel kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1957 maabara yake ikafunguliwa, ile iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Hata mbu wetu, basi, wametupatia jina duniani!

Sasa nimpeleke kijana wangu mbali kidogo. Huko Marekani, kando ya mto Mississippi, uko mji wa Saint Louis, yaani Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa, ambaye Wafransisko wa Utawa wa Tatu humheshimu kama msimamizi wao. Sikukuu yake ni 25 Agosti. Wafaransa wafanya biashara ya ngozi za wanyama waliuanzisha mwaka 1764. Meli za moshi zilijipanga gatini, na wenye vyombo vya kuvushia walikula kwa kila mzigo uliovuka. Mwaka 1874 likafunguliwa daraja kubwa la chuma cha pua, kazi ya mhandisi James Eads, na gari moshi likapita juu ya maji. Mji haukufa. Lakini Chicago, mji wa reli, uliupita kwa ukubwa.

Kwetu reli ya TAZARA ilijengwa miaka ya 1970, lakini haikuvuka Kilombero. Ilifuata upande wetu kwenda Mlimba. Pantoni ikabaki. Nayo, ndugu zangu, tusiisifu kupita kiasi. Nilipokuwa chuo cha ualimu nililala pale ng'ambo usiku mmoja, kwa kuwa tulichelewa safari ya mwisho. Kando yangu alikuwapo mama mwenye uchungu wa kuzaa, ametoka Lupiro kwenda hospitali. Taa za upande wa pili tuliziona. Mtoto alizaliwa alfajiri, kwenye majani, akiwa hai, kwa rehema ya Mungu na mikono ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza uji. Januari 2016 kivuko kilipinduka kwa upepo. Mwaka 2018 daraja lenye urefu wa zaidi ya meta 380 likafunguliwa rasmi. Anayelililia kivuko mbele ya mama yule simwelewi.

Lakini wauza samaki wa kivukoni walilia, nami nawaelewa. Pantoni ilisimamisha kila mtu: bwana mkubwa, mwenye kuku, na padre mwenye pikipiki. Wote walinunua kambale wa kukaanga wakiulizana habari za Mahenge na Malinyi. Darajani gari halisimami.

Mmoja wao sasa anauzia stendi. Kila basi la Mahenge likiingia, kabla hajataja bei ya samaki, humwuliza dereva, "Maji yamefika wapi?" Kijana wangu wa Kipaimara nimemwelekeza kwake.