Shimoni na Pemba: undugu tunao, chombo cha abiria kiko wapi?

Kutoka pwani ya Kibuyuni na Shimoni hadi Pemba, Mkondo wa Pemba una upana wa karibu kilomita 50 tu. Watu wa pande hizi mbili wameoana na kuzikana tangu enzi za mababu. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa moja ya jamii za nchi hii, wakaanza kupewa vitambulisho. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini anayetaka kwenda kumzika shangazi yake Wete leo, anapita wapi?

Njia ya halali na salama ni ndefu: barabara hadi Lunga Lunga, avuke Horohoro, afike Tanga, kisha atafute meli ya Pemba. Njia ya mkato ni jahazi la mizigo, akae juu ya magunia bila jaketi la kuokolea maisha, na jina lake halijaandikwa popote. Chombo kikizama, hakuna anayejua watafutwe watu wangapi.

Haya si maneno ya kutishana. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mamia walikufa, na hesabu ya waliokuwemo ikawa ni ubishi mtupu.

Wenzetu wa kaskazini ya Ulaya nao walilia. Septemba 1994 meli ya Estonia, ikielekea Stockholm, ilizama na watu 852 wakafa. Miaka minne baadaye Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria: abiria wahesabiwe kabla ya meli kung'oa nanga, na katika safari ndefu majina yaandikwe. Leo meli huondoka Stockholm jioni na kufika Helsinki asubuhi, na watu hulala usingizi. Tena raia wa nchi hizo wanatembeleana bila pasipoti tangu 1952. Sisi, Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu, lakini Tanzania anadaiwa pasipoti au hati ya muda.

Hatuombi meli ya ghorofa kumi. Boti moja iliyokaguliwa, mara mbili kwa wiki, yenye saa inayojulikana, orodha ya abiria na jaketi kwa kila mtu, ingetosha kuanzia. Na kusi ikichafuka, isiondoke. Shimoni tayari ni bandari ya kuingilia nchini. Kilichobaki ni Nairobi, Dodoma na Zanzibar kukubaliana juu ya hati, na mamlaka za bahari za pande zote mbili kukubaliana juu ya ukaguzi.

Viongozi wa Kwale wanaokuja kutuomba kura waulizwe hili kwanza. Tusingoje msiba ndio tuundiwe tume.