Kiraka si dawa ya paa linalovuja

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, tena mara tatu, na bado nikajenga. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulidharau mpaka mvua inyeshe, nalo ni paa la banda la gari.

Nasema banda la gari kwa kusudi. Neno gereji limekwisha kutekwa na mafundi wa magari, na Mkenya akilisikia huwaza oili na spana. Ninalozungumzia mimi ni lile banda lililoegemezwa ubavuni mwa nyumba, ambalo aghalabu hujengwa mwisho kabisa, pesa zikiwa zimekwisha, kwa mabati na mbao zilizosalia. Hapo ndipo maradhi yake huanzia.

Banda langu lilianza kuvuja wakati wa mvua za vuli za mwaka 2023. Nilimwita fundi kijana, nikamwonyesha mahali tone lilipokuwa likiangukia, nikamwambia, "Ziba hapo juu." Akaziba. Mvua ya pili ilipokuja, tone lilikuwa limehama hatua mbili. Akaziba tena. Aprili 2024, katika masika yale yaliyoleta mafuriko nchini, alipanda mara ya tatu. Boriti moja iliyokuwa imeoza ikavunjika chini ya miguu yake, akaanguka pamoja na bati, akavunjika mkono. Nilimpeleka hospitali na kulipa gharama, lakini dhamiri yangu haikutulia. Mimi ndiye niliyemtuma juu ya mbao ambazo hakuna aliyezikagua, na ni mimi niliyebishana naye juu ya ujira mpaka akakosa sababu ya kukawia huko juu na kutazama vizuri.

Baada ya hapo nilimtafuta mzee mmoja aliyejifunza useremala Mombasa. Hakupanda. Aliingia ndani ya banda, akainua macho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, maji hayaangukii pale yanapoingilia."

Naam, hilo ndilo somo la kwanza. Maji yakishapenya tundu hufuata tumbo la bati au ubavu wa mbao, huteremka polepole, na hudondoka pale yanapokutana na kizuizi. Kwa hiyo anayetafuta tundu sharti aanzie kwenye tone na kupanda kuelekea juu ya mteremko. Mzee alinifundisha jaribio lisilo na gharama: siku ya jua, mtu mmoja amwage maji juu ya paa kwa mpira, akianzia chini na kupanda kidogo kidogo, na mwenzake akae ndani na kipande cha chaki. Maji yanapochomoza, hapo patiwe alama.

Kasoro tulizozikuta zilikuwa za kawaida, na yamkini msomaji atazikuta kwake. Ya kwanza ni misumari. Bati hutanuka kwa joto la mchana na kunywea kwa baridi ya usiku, na mwendo huo hulegeza msumari mwaka baada ya mwaka, huku kipande cha mpira kilicho chini ya kofia yake kikikauka na kupasuka. Isitoshe, misumari yangu kadhaa ilipigiliwa katika bonde la bati, ambamo maji hupita, badala ya mgongoni. Msumari wa namna hiyo haufai kugongwa tena tu. Hung'olewa, tundu likazibwa, na mpya wenye mpira mzima ukapigiliwa mgongoni, mahali ambapo mbao ya chini ni nzima.

Ya pili ni mteremko. Mabanda mengi yamelazwa karibu kama meza, na maji yasiyo na haraka hurudi nyuma na kupenya katika maungio. Mabati hayana budi kupandana vya kutosha, si chini ya sentimita 15 ncha kwa ncha, na zaidi paa likiwa limelala. Hakuna dawa ya mkebe iwezayo kushika nafasi ya mteremko. Tiba ni kuinua mbao za upande wa juu.

Ya tatu, na ndiyo iliyomwangusha yule kijana, ni pale paa linapokutana na ukuta wa nyumba. Ufa wa hapo ulikuwa umezibwa kwa saruji. Lakini bati husogea na ukuta hausogei, kwa hiyo saruji hupasuka, na maji huingia yasionekane. Dawa yake ni kuchimba mfuo ukutani, kupachika humo bati lililokunjwa, na kuliteremsha lifunike mabati ya paa. Jambo jingine ni mfereji wa paa, ambao usiposafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli hujaa majani, maji yakafurika na kurudi ndani.

Kutu nayo ina ngazi zake. Ya juu juu hukwanguliwa na kupakwa rangi. Bati likitoboka kwa kuchomwa na bisibisi, hilo ni la kubadilishwa. Anayenunua jipya akumbuke kwamba hesabu ya geji huenda kinyume: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mbao pia zichomwe kwa bisibisi kabla mtu yeyote hajapanda. Ikizama kama kwenye sabuni, ubao umeoza au umeliwa na mchwa. Na paa likiwa la asbesto, kama yalivyo mapaa ya nyumba nyingi za zamani, lisitobolewe, lisikatwe, wala lisifagiliwe. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni.

Sasa nije kwenye fani yangu. Mzee alipoiona ile boriti iliyovunjika alisema, "Mtambaapanya wako ulikuwa ukinywa maji siku nyingi." Nilishtuka. Neno hilo nimelifundisha kwa miaka kadhaa kama mfano wa nomino ambatani, nikiwaonyesha wanafunzi jinsi kitenzi tambaa kilivyoungana na panya. Hata siku moja sikuinua macho kuutazama wenyewe ukioza juu ya gari langu. Mimi nilikuwa na neno bila kitu. Yule kijana alikuwa na kitu bila maarifa yake, kwa sababu mkebe wa dawa ya kuzibia niliomnunulia ulikuwa na maelezo ya Kiingereza peke yake. Nilipousoma baadaye, tena kwa aibu, nilikuta umeagiza kutu ikwanguliwe na bati likauke kabisa kabla ya kupaka. Yeye, asiyesoma lugha hiyo, alipaka juu ya kutu yenye unyevu, mara tatu.

Ni nani wa kulaumiwa? Wako watakaosema fundi angeuliza. Kweli, lakini mwenye nyumba anayesoma Kiingereza alikuwa chini akinywa chai. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa yule anayeishika brashi ni habari ya nani?

Wenye viwanda wanaojua kutangaza bidhaa zao redioni kwa Kiswahili fasaha wakati wa kuuza, hawakosi uwezo wa kuandika mistari kumi ya Kiswahili kwenye mkebe. Vyuo vya ufundi navyo viwaite wazee kama huyu wangu, maneno yao na maarifa yao yaandikwe pamoja kabla hawajatutoka. Nasi wenye nyumba tuache kununua kiraka kwa bei ya kiraka na kutarajia paa.

Kijana amepona. Alirudi kufanya kazi chini ya mzee, na safari hii nilisoma mkebe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla hajapanda ngazi.