Ufa Uzibwe, Usifichwe

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaijua sote tangu madarasa ya chini, lakini ni wachache wanaoangalia kwamba wahenga walisema kuziba, hawakusema kuficha. Tofauti ya maneno hayo mawili ni jambo kubwa kwetu sisi wa Chiwata, na kwa watu wote wa Masasi na Newala, maana siku hizi udongo wa epoksi wapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na udongo huo waweza kufanya yote mawili.

Kwa wale wasioujua, huu si udongo wa mfinyanzi. Ni gundi nzito iliyochanganywa na unga laini wa mawe, nayo huuzwa katika sehemu mbili: moja ni gundi yenyewe, ya pili ni dawa ya kuigandisha. Zikikaa mbalimbali hazifanyi neno. Lakini ukizichukua kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi sawa kwa sawa, ukazikanda mpaka rangi mbili zimekuwa rangi moja, zinaanza kushikana, zinatoa joto kidogo, na mwishowe huwa ngumu kama jiwe. Aina nyingine hushika kwa dakika chache, nyingine kwa saa mbili au tatu, na ugumu wake wote huja baada ya siku nzima hivi. Udongo huu haungoji jua wala tanuri, na kwa kuwa hakuna maji yanayotoka ndani yake, haunywei sana wala haupasuki ovyo. Gundi za namna hii zilitokana na kazi ya Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940.

Faida yake ya kwanza ni nyumbani. Sote twajua habari ya maji katika uwanda wa Wamakonde. Mvua hunyesha, lakini ardhi ya juu huyameza maji, nayo hutokea chini mabondeni. Kabla ya mradi wa kuvuta maji kwa pampu ulioanzishwa katika miaka ya 1950, mama zetu waliteremka na kupanda mlima kwa saa nyingi kwa ajili ya mtungi mmoja, na hata leo bomba likikauka safari hiyo hurudi. Katika nchi ya namna hii ndoo inayovuja si jambo dogo. Kila tone ni jasho la mama au dada. Basi donge dogo la udongo huu laweza kuokoa ndoo ya kufulia, pipa la kumwagilia bustani, mpini wa jembe ulioanza kupasuka, au mguu wa kiti. Siri yake ni moja tu: mahali pa kuzibwa pasafishwe mafuta na kutu, pakauke, kisha pakwaruzwe kwa msasa au tupa ili gundi ipate pa kushika. Anayebandika juu ya uchafu amebandika juu ya uchafu, wala asilaumu dawa.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa ni dawa ya kila kitu. Sufuria ya kupikia isizibwe kwa epoksi, maana moto huilegeza na kuiharibu. Chombo cha maji ya kunywa pia kisizibwe, isipokuwa pakiti imeandikwa wazi kwamba yafaa kwa kazi hiyo. Tena kabla haijakauka inaweza kuwasha ngozi, na mtu akiishika mara kwa mara kwa mikono mitupu, mwili wake waweza kuikataa kabisa. Yafaa kuvaa glovu, kunawa kwa sabuni wala si kwa mafuta ya taa, na kufunika pua wakati wa kupiga msasa.

Sasa nije kwenye uchongaji, ambako ndiko kwenye mabishano. Wako wanaosema kwamba kuongeza udongo wa dukani juu ya mti ni kuharibu mila ya Wamakonde. Mimi sikubaliani nao. Tazama sura za mapiko zilizochezwa jandoni na unyagoni. Wazee walichonga uso kwa mti mwepesi, kisha wakabandika nta ya nyuki kufanya chale za usoni, na nyingine wakazitia nywele za watu. Walijua kwamba mti peke yake haukutosha, wakaongeza kitu kingine, tena wazi, mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo kuongeza si kosa. Kosa ni kuongeza ili kudanganya.

Mpingo ni mti mzito, hata huzama majini, nao huchukua miaka sabini au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Ukichongwa ukiwa mbichi, hukauka polepole, na mara nyingi hupasuka, hasa kinyago kikisafirishwa hadi nchi za baridi ambako nyumba hupashwa moto. Katika masoko ya vinyago wako wauzaji wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu wakauita mpingo. Ndugu yao ni yule anayejaza ufa kwa epoksi iliyotiwa rangi nyeusi, akaunyamazia. Lakini mti mbichi huendelea kunywea, na epoksi hainywei pamoja nao. Basi ufa hufunguka tena ubavuni mwa kiraka, na mnunuzi aliye mbali hutambua kwamba alidanganywa. Njia ya mwongo ni fupi. Hasara yake haimpati mwuzaji huyo peke yake, bali humpata kila mchongaji anayetoka pande zetu, maana mnunuzi hakumbuki jina la mtu. Hukumbuka jina la Wamakonde.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kinyago kiachwe kikauke vizuri kabla ya kuuzwa, na kama kimezibwa, mnunuzi aambiwe mahali na sababu, na bei iwe ya haki. Pili, vinyago vya zamani vilivyohifadhiwa nyumbani visiguswe kwa epoksi, kwa kuwa ikishika haitoki bila kuumiza mti. Nta yaweza kuondolewa. Tatu, sisi wanafunzi tusijifunzie kwenye mpingo. Tuanze na udongo wa kichuguu, ambao hauna bei, tujifunze umbo la mkono na uso. Anayefaulu apewe epoksi kidogo, aitandaze nyembamba juu ya kiunzi cha waya na magazeti makuukuu, maana pakiti ni ghali na haifai kufinyanga donge zima. Mwenye kufaulu hapo ndiye apewe tezo na kipande cha mpingo. Mti wa miaka sabini haustahili kuharibiwa kwa zoezi la wiki moja.

Wazazi wetu wanaosoma gazeti hili wanaweza kutusaidia kwa kutuletea vyombo vilivyovunjika badala ya kuvitupa, nasi tukavitengeneza katika saa za kazi za mikono. Kiraka chetu kisipakwe rangi ya kukificha. Kionekane, ili mwenye ndoo ajue mahali pa kuangalia siku nyingine, na fundi ajulikane kwa kazi yake, nzuri au mbaya.