Mali Bila Daftari

Mwenye kupita katika maduka ya vifaa vya gari mjini Unguja, au Chake Chake na Wete, huona wingi wa bidhaa ambazo gari haikuja nazo ilipotoka kiwandani: makava ya viti, mazulia ya miguuni, karatasi za kutia giza vioo, ringi zinazong'ara, taa za rangi, honi za kila sauti, na vyuma vya kukinga bampa. Gari nyingi zinazoteremshwa bandarini kwetu zimekwisha kutumika Japani, na zikifika hapa huanza maisha mapya kwa kuvishwa na kupambwa. Biashara hii imekua mbele ya macho yetu. Lakini ni nani kati yetu awezaye kusema imekua kiasi gani, nani hununua nini, na kwa sababu gani?

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaona kuwa usemi huo unaihusu biashara hii, na kwa hiyo leo tunataka kuizungumza bila ya kificho.

Isidhaniwe kwamba tunashughulika na jambo la mchezo. Nchini Marekani, wenye viwanda na wafanyabiashara wa vifaa vya aina hii wanacho chama chao tangu mwaka 1963, ambacho jina lake kwa ufupi ni SEMA. Chama hicho hufanya utafiti wa soko na kutoa taarifa, na taarifa zake zimeonyesha kwamba katika mwaka 2022 wateja wa nchi ile walitumia zaidi ya dola bilioni 50 kwa kupamba na kuboresha gari zao. Utafiti huo hauishii kwenye jumla ya fedha. Huuliza ni gari za namna gani zinazovishwa zaidi, na jibu limekuwa kwamba pikapu ndizo zinazoongoza. Mwenye kiwanda akisoma taarifa hiyo hujua atengeneze nini na aache nini.

Hatuwataji Wamarekani ili tuige anasa zao. Tulipokuwa vyuoni na masheikh wetu tulifundishwa mapema ubaya wa israfu. Tunawataja kwa sababu wamekubali kwamba hata biashara ya mapambo ni biashara ya hesabu. Na jina la chama chao, kwa sikio la Mswahili, ni kama nasaha: sema unachokijua, na usichokijua kiulize.

Kwetu sisi mambo ni kinyume. Mfanyabiashara huagiza kwa kuchungulia duka la jirani. Akiona taa za buluu zimetoka wiki hii, naye huagiza taa za buluu, na wa tatu na wa nne vivyo hivyo, mpaka taa zinajaa makabati, bei inaanguka, na mtaji wa mtu unakaa kwenye vumbi. Wakati huo huo dereva wa daladala anazunguka mji mzima akitafuta waipa nzuri kabla ya masika, asiipate. Fedha za kigeni zimekwisha kutoka visiwani, na haja ya mwananchi imebaki pale pale.

Pengine ataondokea mtu kusema kwamba hesabu zipo, kwani forodha huandika kila kinachoingia. Ni kweli huandika, lakini daftari la forodha halikuwekwa kwa kazi hii. Katika mpango wa namba za bidhaa unaotumika duniani, namba 8708 ni ya sehemu za gari pamoja na vifaa vyake vya ziada. Ndani ya fungu hilo moja breki inakaa na bampa la urembo. Taa, honi na waipa zimo pamoja katika namba 8512. Afisa anayesoma jumla ya fungu atajua thamani ya mzigo, lakini hatajua kama wananchi wamenunua usalama au wamenunua mng'aro.

Na tofauti hiyo ndiyo roho ya suala lenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari inaweza kuwa na ringi mpya zinazomulika, na tairi zilizovaa ringi hizo zikawa kongwe. Mpira hukakamaa kwa miaka na jua hata kama kashata zake bado zinaonekana nzima. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hata 2316 ikawa ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ni wanunuzi wangapi wanaozisoma? Vile vile, balbu ya mwanga mkali ikitiwa katika taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mwanga hutawanyika ovyo na kumpofua anayekuja mbele, naye huenda akawa ni mtu wa baiskeli anayerudi shamba baada ya Isha. Na chuma kigumu kilichofungwa mbele ya bampa humuumiza zaidi anayegongwa. Umoja wa Ulaya uliliona hilo na kuliwekea masharti mwaka 2005.

Hata hivyo, tusimhukumu mnunuzi kabla ya kumuuliza. Visiwa vyetu vina jua kali, hewa ya chumvi na vumbi la mawe ya matumbawe. Kava la kiti kwa mwenye teksi ni kinga ya mtaji wake. Kioo chenye kivuli humpunguzia joto mama aliyepakata mtoto mchanga. Redio na taa za daladala huenda ndizo zinazomvutia abiria apande hii na aiache ile. Mambo haya ni dhana mpaka yachunguzwe, na dhana haijengi sera.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali iitazame kazi hii kwa uzito unaostahili. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ikishirikiana na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa, inaweza kuwauliza wenye vyombo vya moto wa mjini, wa shamba na wa Pemba, kila kundi peke yake. Wasiulizwe mara moja tu, maana soko la masika si soko la kiangazi, na wiki ya kuamkia Idi haifanani na mwezi wa kawaida. Tena yasichukuliwe maneno matupu. Zitazamwe na risiti, kwa kuwa mtu huulizwa akajibu kwamba hutanguliza breki, na mfuko wake ukatoa ushahidi mwengine.

Matokeo yatolewe kwa Kiswahili na yafike madukani, gerejini na kwa mafundi. Taasisi ya Viwango itajua ni bidhaa zipi zinunuliwazo zaidi, ianze kuzikagua hizo. Mafundi wetu nao watajua kazi iko wapi. Hawa ni watu ambao waliwahi kujenga bodi nzima za mbao juu ya malori, zikabeba abiria na mizigo kutoka shamba hadi mjini. Hawashindwi kushona kava la kiti au kuunga keria. Taasisi ya Karume kule Mbweni inafundisha ufundi. Kinachokosekana ni habari ya kumwambia kijana ashone nini, kwa kipimo gani na kwa bei gani.

Iko hofu moja ambayo lazima itajwe. Mwenye duka akimwona mtu na karatasi na kalamu hudhani amekuja kutafuta kodi. Hofu hiyo haikuzuka bure, na haitaondoka kwa hotuba. Serikali itoe ahadi ya wazi kwamba majibu ya utafiti hayatatumika kumtoza mtu, kisha iitimize. Ahadi ikivunjwa mara moja, hatutapata jawabu la kweli tena.

Na sisi tulio na dhamana, katika Chama na katika Serikali, tuanze na gari tunazopanda. Ikiwa gari ya umma ina vioo vya giza na chuma mbele, na tairi zake hazijatazamwa mwaka, tutamwambia nini dereva wa daladala?

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Tuliweza kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, Unguja na Pemba. Hatutashindwa kuhesabu tairi, taa na makava, tukiamua kuwa roho za watu hao na riziki zao zina thamani ya daftari moja.