Mashine ya Nyasi na Uwakili Wetu



Ndugu wapendwa, juma hili tunatafakari jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa ukurasa wa Padre: matunzo ya mashine ya kukatia nyasi. Halmashauri ya parokia imeletewa ombi la kuchangisha fedha za kununua mashine mpya ya makaburini, kwa hoja kwamba iliyopo imechakaa. Fundi aliyeikagua amesema injini ni nzima. Inachohitaji ni visu vilivyonolewa, mkanda mpya, chujio la hewa na oili safi. Kwa maoni yetu, mchango huo usubiri.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki au Kongo tulizoea kufyeka kwa mkono. Mashine hizi za kupanda ni za mazingira ya hapa Marekani, penye viwanja vipana. Hii yetu haina usukani, bali mikono miwili. Kila gurudumu la nyuma lina pampu yake ya haidroliki. Mkono mmoja ukisukumwa mbele na mwingine ukivutwa nyuma, mashine hugeuka papo hapo iliposimama. Ndiyo maana inafaa kupita kati ya misalaba na mawe ya makaburi.

Chombo cha namna hii hudai uaminifu mdogo mdogo. Oili ya injini hutazamwa kila kabla ya kazi, mashine ikiwa mahali tambarare na injini ikiwa imepoa. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 50 hadi 100 za kazi, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, au walau mara moja kwa mwaka. Upepo wa matairi lazima ulingane kushoto na kulia, la sivyo nyasi hukatwa upande. Visu butu havikati nyasi, huzichana, na ncha zake hugeuka kahawia baada ya siku chache. Anayetaka kuvigusa azime injini, atoe ufunguo na kuchomoa waya wa plagi kwanza. Nyasi mbichi zilizogandamana chini ya mfuniko wa visu zisipokwanguliwa, hushika unyevu na chuma hula kutu. Kila moja ya kazi hizi huchukua muda mfupi, na zote zikiachwa kwa miaka miwili huzaa ombi la mchango.

Zipo hoja mbili dhidi yetu, nasi tunaziheshimu. Ya kwanza husema: Padre ashughulike na roho, mambo ya grisi awaachie mafundi. Lakini Kanisa halikutenganisha mambo haya. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, alimwagiza mtunza ghala wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1284, inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wawe na bidii ya baba mwema wa familia, na wahakikishe mali waliyokabidhiwa haipotei wala haiharibiki. Mali hiyo haikutoka mbinguni. Ni jasho la mama anayefanya usafi hotelini usiku, na la kijana wa kiwanda cha nyama, waliotia noti yao kikapuni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mashine mpya ni salama zaidi kwa wanaojitolea. Hapa tunakubali sehemu. Usalama haujadiliwi kwa bei. Kama chuma cha ulinzi kilicho nyuma ya kiti kimevunjika, au mkanda wa kiti haufungi, mashine isiwashwe hata mara moja. Lakini upya peke yake haumlindi mtu. Magurudumu ya mbele ya mashine hizi huzunguka huru, wala hayaiongozi. Yale ya nyuma yakiteleza kwenye mteremko, mwendeshaji hana tena namna ya kuielekeza, na wapo waliopinduka nazo wakafa. Mashine nyingi za aina hii hazipaswi kupita mteremko unaozidi nyuzi 15, wala karibu na ukingo wa mtaro au bwawa, wala penye nyasi zilizolowa. Kile kilima cha nyuma ya makaburi kikatwe kwa mashine ya kusukuma, hata tukinunua mpya kesho.

Basi tunapendekeza haya. Mashine itengenezwe. Wateuliwe wawili wa kuitunza, na daftari litundikwe stoo, liandikwe saa za kazi na siku ya kila huduma. Kabla ya baridi kali, petroli itiwe dawa ya kuizuia isiharibike, na injini iwashwe dakika chache ili dawa hiyo ifike ndani. Petroli huanza kuchakaa ndani ya miezi michache tu, na mara nyingi ndiyo inayozifanya mashine zigome majira ya kuchipua. Betri nayo ichajiwe. Ikifika siku ambayo matengenezo yanagharimu kupita thamani ya chombo, tutanunua bila ubahili. Kwa sasa, mashine mpya ni maelfu ya dola, na matengenezo haya hayakaribii hapo. Tofauti hiyo iende kwenye mfuko wa familia zinazoshindwa kulipia joto la nyumba. Kati yetu zipo, nanyi mnazijua.

Mwezi Novemba tunawaombea marehemu wetu na kuyazuru makaburi yao. Anayenoa visu na kupaka grisi ili kaburi la mgeni asiye na ndugu hapa lisimezwe na majani, huyo naye anatenda tendo la huruma, ingawa hatajwi katika matangazo. Tunawaalika vijana na wazee wenye ujuzi wa spana wajiandikishe ofisini baada ya Misa ya Jumapili.

Mungu awabariki nyote, na awape marehemu wetu pumziko la milele.

Ni sisi, Paroko wenu.