Herufi kubwa za ovyo humtwisha mzigo mtafsiri

Anayejifunza Git, programu ya kutunza historia ya faili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hukutana mapema na amri mbili zinazofanana kama pacha: git branch -d na git branch -D. Ya kwanza hufuta tawi la kazi ikiwa tu kazi iliyomo imekwisha kuunganishwa na nyingine. La sivyo hukataa na kutoa onyo. Ya pili haiulizi. Inafuta.

Kwenye mfumo endeshi wa Linux mambo ni hayo hayo kila kona. Andika git, programu inaitika. Andika Git, unajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Faili iitwayo Ripoti na nyingine iitwayo ripoti hukaa kwenye folda moja bila kugombana, maana hizo ni faili mbili. Amri ya ssh, ya kuingia kwenye seva ya mbali, hupokea namba ya mlango wa seva kwa p ndogo, na ndugu yake scp, ya kunakili faili, huidai kwa P kubwa. Katika ulimwengu huu herufi kubwa ni sehemu ya maana, na anayeiandika pasipo sababu anamwambia msomaji jambo ambalo halipo.

Hapo ndipo suala la vichwa vya nyaraka linapoanza kuuma. Programu huria hujengwa na watu wengi wasioonana, na mwongozo wake huandikwa vivyo hivyo: huyu kaongeza ukurasa mwaka jana, yule karekebisha aya jana usiku. Matokeo yake kichwa kimoja kinasomeka "Installing the Server", kinachofuata "Configuring the server", na cha tatu "Using Git Push". Msomaji aliyekulia kwenye Kiingereza huvipita bila kusita. Lakini wasomaji wengi wa nyaraka hizo Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, nao husoma kila alama kwa makini kwa sababu hawana uhakika ipi inaweza kupuuzwa. Je, "Server" ya juu ni jina la bidhaa fulani, na "server" ya chini ni mashine yoyote ile?

Swali hilo si la kipuuzi. Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi ambao jina lake kwa Kigiriki ni mshika usukani, una vitu vyake rasmi viitwavyo Pod, Service, Secret na Job, na nyaraka zake huviandika kwa herufi kubwa ili visichanganywe na maneno ya kawaida. Sasa weka kichwa "Managing Secrets" mahali ambapo kila neno zito hupewa herufi kubwa. Kinazungumzia kitu rasmi kiitwacho Secret, au siri kwa jumla, nywila zikiwemo? Kichwa chenyewe hakiwezi kujibu. Kikiandikwa kama sentensi, S kubwa inajibu papo hapo.

Mitindo inayoshindana ni miwili tu. Mmoja hukuza herufi ya kwanza ya kila neno zito, kama majalada ya vitabu vya Kiingereza. Mwingine hukuza neno la kwanza na majina maalumu, basi. Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, huwaagiza waandishi wake kufuata huo wa pili. Wikipedia vilevile, na hata miongozo ya uandishi ya Google na Microsoft imesimama upande huo. Mwongozo wa Python unakwenda mbali kidogo: unapendelea mtindo wa sentensi, lakini unaweka ulinganifu ndani ya sehemu moja juu ya kanuni yenyewe. Anayeongeza kichwa kwenye sura ambayo vichwa vingi vina herufi kubwa ama avibadilishe vyote, au afuate vilivyo vingi. Huo ni uamuzi wenye busara kuliko yote, kwa kuwa unamfikiria anayesoma kabla ya kanuni.

Mtindo wa majalada una kasoro nyingine: wanaoufuata wenyewe hawakubaliani. Kanuni za shirika la habari la AP hukuza maneno yenye herufi nne na zaidi. Mwongozo wa uandishi wa Chicago ulivishusha vihusishi vyote kwa miaka mingi, kisha toleo lake la 2024 likaamua vyenye herufi tano na zaidi vikuzwe. Kumtaka mtu anayejitolea baada ya saa za kazi ahesabu herufi za vihusishi vya lugha ya kigeni kabla ya kutuma sahihisho lake ni kumchosha bure.

Ukija kwenye Kiswahili, kanuni hizo hazina pa kushika. Kiswahili hakina vibainishi kama a na the vya kushushwa, na maneno yake madogo, ya, wa, cha, kwa, na, yamo katika karibu kila kichwa. Mtafsiri anayekutana na "Language Settings" huandika "Mipangilio ya Lugha", mwenzake "Mipangilio Ya Lugha", wa tatu "Mipangilio ya lugha", na zote tatu zikaonekana kwenye programu moja. Kwa hesabu ya AP, katika na kwenye zingekuzwa, kwa ikabaki ndogo. Kwa msingi gani? Hakuna mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha hivyo. Tunachofundishwa ni kwamba herufi kubwa huanza sentensi na jina la mtu, mahali, siku au lugha. Kanuni hiyo inatosha kabisa kwa kichwa cha mwongozo.

Wanaoandika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, wanalijua hili kwa vitendo. Programu inayoiendesha, MediaWiki, hupuuza ukubwa wa herufi ya kwanza tu ya jina la makala. Zinazofuata huhesabiwa zote. Kwa hiyo "Historia ya Tanzania" na "Historia Ya Tanzania" ni kurasa mbili tofauti, na asiyewekewa elekezo atadhani makala haipo. Vichwa vya ndani ya makala navyo ni hivyo: badilisha herufi moja, na kila kiungo kilichoelekeza hapo kitamwacha msomaji juu kabisa ya ukurasa.

Wapo wanaosema haya ni mapambo, kwamba muda wa kujitolea utumike kurekebisha hitilafu za programu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama gharama ingebaki kwa aliyeandika kichwa. Haibaki. Nyaraka za Python na Django hutafsiriwa kwa kutumia gettext, chombo kinacholinganisha sentensi ya Kiingereza na tafsiri yake herufi kwa herufi. Mtu akibadilisha "Configuring the Server" kuwa "Configuring the server", kwa gettext hiyo ni sentensi mpya. Tafsiri ya zamani haitupwi. Faili ikisasishwa huwekewa juu yake alama ya kutiliwa shaka, na yenye alama hiyo haionyeshwi. Msomaji aliyekuwa akisoma kwa lugha yake anakuta Kiingereza kimerudi, mpaka mtu afungue faili, alinganishe, aone kwamba hakuna kilichobadilika katika maana, na aondoe alama. Zidisha hilo kwa vichwa mia tatu, kisha kwa kila lugha. Timu ya lugha kubwa itamaliza kwa wiki moja. Timu ya watu wawili, kama zilivyo nyingi za lugha zetu, inaweza kukaa mwaka mzima ikirudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Ndiyo sababu mtindo unapaswa kuchaguliwa mapema, siku mradi unapoandika ukurasa wake wa kwanza, na uwekwe kwa mstari mmoja kwenye maelekezo ya wachangiaji. Kukagua kusiachiwe jicho la mtu. Vale, programu huria ya kukagua maandishi, hupewa kanuni ya vichwa pamoja na orodha ya majina yanayostahili herufi kubwa, nayo huonyesha kila kichwa kilichokiuka kabla sahihisho halijapokelewa. Mradi uliokwisha kuchanganya mambo ubadilishe vyote kwa mkupuo mmoja, mara tu baada ya toleo kutoka, na watafsiri waarifiwe kabla, siyo wagundue wenyewe.

Upande wetu nao una kazi. Mwaka 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, iliwabidi kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mambo ambayo hayakuwa na jina. Timu za leo zina istilahi za kuanzia, lakini kwenye faharasa zao panahitajika pia kipengele cha herufi: neno la kwanza na majina maalumu, hata pale Kiingereza kinapokuza kila neno. Kikiwepo hicho, "Save As" itaingia kwenye menyu kama "Hifadhi kama", na mtafsiri wa kesho hatahitaji kuuliza.