Wimbo Usiotaja Jina

Juma lililopita walinijia ofisini mama wawili, kila mmoja kwa saa yake, maana hawapendi kupishana hata mlangoni. Wa kwanza ni mama yake bibi arusi. Wa pili ni shangazi yake bwana arusi. Ndoa ya vijana wao tumekwisha kuitangaza Jumapili mbili, imebaki moja. Nikadhani wameleta kipingamizi, nikafungua daftari. Kumbe sivyo. "Mwalimu," akasema yule wa kwanza (huniita hivyo kwa ajili ya chuo nilichosomea, ijapokuwa kazi yangu ni ukarani), "ndoa tunaitaka. Ila wale wa ng'ambo ya reli wasiimbe." Yule wa pili alikuja na kikapu cha matobolwa, akakiweka mezani, akasema maneno yayo hayo juu ya wale wa upande huu.

Kila mmoja anaongoza kikundi cha ngoma. Chanzo cha ugomvi nakijua, maana nilikuwapo. Katika arusi moja mwaka jana kikundi cha mama huyu kiliimba juu ya mtu aazimaye sufuria akairudisha na masizi. Jina halikutajwa. Lakini watu wote waligeuka wakamtazama shangazi, nami niligeuka pamoja nao. Akainuka, akatoka, na ngoma yake ikamfuata. Tangu siku hiyo hawaazimani hata chumvi, na kwaya yetu ya Jumapili imepoteza sauti mbili zilizo bora, kwa sababu hakuna kati yao akubaliye kusimama mstari mmoja na mwenzake.

Ubaya wa wimbo wa namna hii ni kwamba hauna mshitakiwa. Aliyechomwa akilalamika, huambiwa, "Kwani tumekutaja?" Basi kulalamika kwake ndiko kunakokuwa ushahidi juu yake. Akinyamaza, wimbo unarudiwa arusi ijayo.

Mambo haya si mageni. Wazee wetu waliijua beni. Ilianza katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Ilikuwa ngoma na mchezo wa kuigiza kwa pamoja: watu walivaa kama maofisa, wakapanga gwaride, wakapeana vyeo vya mfalme na jenerali. Nayo ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na nyimbo za kuudhi upande wa pili. Kule Mombasa wanawake wa lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana kwa nyimbo na nguo na karamu pia. Na mashindano ya karamu yana mwisho mmoja, ndio deni. Unguja navyo vilikuwapo vikundi vya taarabu vya wanawake vilivyojiita Royal Air Force na Royal Navy, kana kwamba wanakwenda vitani.

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1990 tulikua na mashindano ya Muungano na TOT. Muungano ilianzishwa mwaka 1980 chini ya Norbert Chenga. TOT ikaja mwaka 1992, kikundi cha chama cha CCM, chini ya Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015. Katika onyesho moja ungeona ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, kisha taarabu, na kwa taarabu ndipo watu walipobana viti vyao. Khadija Kopa wa TOT akiimba, watu walisikiliza kama anamsema Nasma Khamis wa Muungano. Nasma akiimba, wakasema amejibu. Nadhani wenye vikundi hawakuhuzunika sana. Ugomvi ulijaza kumbi.

Lakini nani hasa alikuwa akigombana? Katika taarabu kuna desturi ya kutunza. Mama amekaa kimya muda wote. Ubeti anaoutaka ukifika, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu, naye hapiti njia fupi kwenda kwa mwimbaji. Anapita mbele ya yule aliyekosana naye mtaani, akiipunga ile noti. Mwimbaji pengine hamjui yeyote kati yao. Yeye ni kisu tu; mwenye mkono yumo ukumbini.

Hayo yalinifanya niulize tena habari za sufuria. Mama yake bibi arusi akaniapia kwamba wimbo ule alifundishwa na mama yake mzazi, kabla shangazi hajaolewa katika kijiji hiki. Kama ni kweli, basi aliyemtaja shangazi si mwimbaji, bali ni sisi tuliogeuza shingo. Nikamwuliza, "Mbona hukumwambia?" Akasema, "Angeniuliza ningemwambia." Shangazi naye anasema hawezi kumwuliza mtu aliyemtukana.

Ndugu zetu Wasukuma, ambao wengi wamehamia mkoani kwetu, wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu zamani kwa nyimbo na kwa dawa pia. Hata hivyo Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliwapa uwanja mmoja katika sikukuu ya Bulabo, wakati wa sherehe ya Ekaristi. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na watu huenda wanakovutwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Dhihaka zimo, ila kila upande una nafasi ya kujibu papo hapo, mbele ya watu wale wale. Shangazi yetu hakuwa na nafasi hiyo.

Nikawapelekea shauri hilo: vikundi viwili, ua mmoja, na nyimbo zisikilizwe kwanza na wazee wawili. Mama amekubali. Shangazi amekubali nusu.

Ijumaa jioni, nikifunga ofisi, akaja bibi arusi mwenyewe. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ndoa yaweza kufungwa siku ya kazi, baada ya misa ya asubuhi, bila ngoma yoyote. Nikamwuliza anaogopa nini. Akasema anaogopa wimbo utakaoimbwa kesho yake ugali wake ukiungua. Nikamwambia yawezekana, Padre akikubali, ila wazazi wake lazima wajue. Akasema atawaambia yeye mwenyewe.

Jumatatu shangazi ametuma mtoto aniulize: vikundi viwili sawa, lakini kitakachoanza ni kipi? Kikapu chake bado kiko mezani, sijakirudisha.